Wapangaji wa Tumboni

Muuguzi alibandika kadi ya njano mlangoni, akarudi nyuma hatua mbili kuangalia kama imenyooka, kisha akaenda kuinyoosha tena. Bwana Bucha, aliyekuwa kitandani na shuka hadi kifuani, alimtazama kwa jicho lile analomtazamia mteja anayebonyeza nyama asiyoinunua.

"Imeandikwa nini hiyo?"

"Imeandikwa kila anayeingia anawe mikono, avae glavu na aproni kabla ya kukugusa."

"Kunigusa mimi? Kwani nimekuwa rangi mbichi?"

Mkewe alikaa kwenye kiti cha plastiki karibu na dirisha, aproni ya karatasi imemkaa vibaya mabegani. Alikuwa fundi wa nguo, mtaa mzima ulimwita Mama Vifungo, na vidole vilimwasha kuirekebisha ile aproni. Asubuhi hiyo walikuwa wamemtoa mumewe kwenye wodi ya vitanda kumi na viwili, wakamsukuma na kitanda chake hadi chumba hiki cha peke yake chenye choo chake. Wodi nzima ilinyamaza kitanda kikipita. Mzee wa kitanda cha nne aliuliza, "Amekufa?" Msukuma kitanda akajibu, "Bado."

"Mzee, nisikilize," muuguzi akasema. Alikuwa mwanamke mnene, wa sauti ya chini, asiye na haraka. "Kile kijiti cha pamba ulichopewa kliniki wiki iliyopita, majibu yake yametoka. Tumboni mwako mna bakteria sugu. Dawa nyingi za kawaida haziwaui."

"Mimi siumwi bakteria. Naumwa uvimbe."

"Sawa. Na hao hawakuumizi. Wamekaa tu kwenye utumbo, kama wapangaji. Wanakula, wanalala, hawamsumbui mwenye nyumba. Shida ni Alhamisi, daktari atakapoukata utumbo kuutoa uvimbe. Ukuta ukibomolewa, wapangaji hutawanyika. Wakiingia kwenye kidonda, au kwenye damu, hapo ndipo watu hufa na upasuaji wenyewe ulikwenda vizuri. Kwa hiyo kabla ya kisu tunakudunga dawa inayowaweza hao hao waliomo, si wengine. Ndiyo maana tulipima."

"Na kadi?"

"Kadi ni kwa ajili ya wenzako kumi na mmoja kule wodini, mikono yetu isiwapelekee wageni wasiowaalika." Alifungua faili. "Mwaka huu umelazwa hospitali yoyote?"

"Sijalala hospitali tangu nizaliwe. Na kuzaliwa kwenyewe nilizaliwa nyumbani."

"Vidonge vya kuua bakteria, huwa unatumia?"

"Mimi? La."

Mama Vifungo alikohoa. Mumewe alikuwa na vidonge vya rangi mbili kwenye mfuko wa aproni ya kazi, pamoja na funguo na vipande vya karatasi. Akicheua, viwili. Akiumwa kichwa, viwili. Tumbo likitulia anaacha, na vilivyobaki hurudi mfukoni kungojea ugonjwa mwingine. Alikuwa mkarimu navyo pia. Kuna wateja waliokwenda kwake kununua nusu kilo wakarudi na nusu kilo na matibabu.

"Ajabu," muuguzi akasema, akiandika. "Wa aina hii mara nyingi tunawakuta kwa mtu aliyelala hospitali siku nyingi, akidungwa dawa nzito asubuhi na jioni."

Alipotoka, Mama Vifungo alimgeukia mumewe. Bwana Bucha alikuwa akiitazama dari kwa bidii, kama mtu aliyeahidiwa kwamba kuna kitu kitaandikwa pale.

Mwanamke huyu hakusoma zaidi ya shule ya msingi, lakini miaka ishirini ya kuwapima watu viuno ilikuwa imemfundisha mengi. Mtu anayevuta tumbo ndani utamjua kwa pumzi. Na katika nyumba yao alikuwapo mtu mmoja tu aliyewahi kulala hospitali siku nyingi: mdogo wake wa kiume, waliyemtia vyuma mguuni baada ya kuanguka na pikipiki. Alilazwa wiki tisa. Tangu atoke alikuwa akiishi kwao, na mtaa ulikuwa umeshamsahau jina, ukimwita Vyuma. Tena siku ile ya kliniki, yeye Mama Vifungo alipokuwa amebanwa na sare za shule, ni Vyuma aliyemsindikiza shemeji yake.

Jumatano asubuhi alipitia dukani kwanza. Vyuma ndiye aliyeachiwa duka. Alimkuta amesimama peke yake nyuma ya meza, kisu mkononi, nyama imening'inia nzima kama ilivyoletwa alfajiri.

"Wateja wako wapi?"

"Wamekwenda kwa yule wa ng'ambo ya barabara. Jirani yetu alikwenda jana kumwangalia shem, akaisoma kadi akiwa nje, wala hakuingia. Kufika huku anasema mwenye duka ana wadudu wanaokula dawa. Sasa watu wanauliza kama nyama nayo inayo."

"Mikono umenawa?"

"Dada, na wewe?"

"Nimekuuliza."

"Nimenawa jana."

Mama Vifungo alivuta kigoda, akakaa. "Siku ya kliniki shemeji yako alipewa kijiti cha pamba. Niambie habari za hicho kijiti."

Vyuma aliufuta upande mmoja wa kisu, akafuta na wa pili, na kisu kilikuwa safi. "Kijiti kipi?"

"Nitakuuliza mimi mara hii. Mara ya pili atauliza mama."

Mama yao alikuwa na miaka sabini na tatu na bado alikuwa na mkono mzito. Vyuma aliweka kisu chini.

"Nesi alimpa kijiti na kichupa. Akamwambia ingia chooni, kiingize nyuma kidogo tu, kizungushe, kitie kwenye kichupa, niletee. Dakika mbili haziishi shem ananiita. Nikadhani ameanguka. Kuingia, namkuta amekishika kwa vidole viwili, kama ameokota mjusi. Ananiambia, 'Shemeji, mimi nina watoto wanne na duka. Siwezi kujifanyia hivi. Wewe huna mke.'"

"Kutokuwa na mke na kijiti vinahusianaje?"

"Ndivyo nilivyomuuliza."

"Na ukakubali."

"Aliniahidi kilo mbili za maini."

"Akakupa?"

"Moja."

Kicheko kilimtoka Mama Vifungo, kikaja chote kwa pamoja, halafu kikakatika kama uzi mbovu. Akashika magoti yake.

"Kesho saa mbili wanamkata," akasema. "Watamdunga dawa iliyochaguliwa kwa tumbo lako wewe."

"Si labda ni walewale? Tunakula sufuria moja, choo kimoja. Wangu wakitembea watamkosaje yeye?"

"Labda."

"Basi."

"Wewe ungepanda tena pikipiki yenye breki za labda?"

Vyuma aliutazama mguu wake. Dada yake alimshika mkono akampeleka bombani nyuma ya duka, akamsimamia kama mtoto, anawe kwa sabuni viganja, migongo ya mikono, katikati ya vidole, kucha, mpaka kwenye viwiko. Mwanamume wa miaka thelathini na moja alinawa huku akitazama pembeni ili watu wadhani ni wazo lake.

"Kila ukitoka chooni, hivi," akasema Mama Vifungo. "Na kabla hujagusa kisu, hivi. Weka beseni na sabuni pale mbele, wateja waone."

"Wateja gani?"

"Watakaoiona sabuni."

Hospitalini, Bwana Bucha alikuwa ameshanyimwa chakula kwa ajili ya upasuaji, na njaa ilimtia ukali. Mkewe alivaa glavu na aproni, akafunga mlango, akabaki amesimama.

"Nimetoka dukani," akasema. "Kumbe maini siku hizi yanagawiwa kwa kilo mojamoja."

Mumewe alifumba macho. Alikaa hivyo muda mrefu, pengine akitumaini kwamba atakapoyafumbua mke hatakuwapo.

"Huyo kijana hana siri."

"Ana siri nyingi. Nyingine ulizipeleka maabara kwa jina lako."

"Usipige kelele."

"Sipigi. Mwite sista, umwambie. Wapime upya."

"Nimwambie nini? Mtu mzima, ndevu hizi, nimwambie mwanamke wa watu kwamba..." Akavuta shuka hadi kidevuni. "Hapana."

"Wewe unaosha utumbo wa ng'ombe kwa mikono miwili, unapiga mluzi."

"Utumbo wa ng'ombe si wangu."

"Na ng'ombe hakuulizwa."

"Mke wangu, Mungu yupo."

"Yupo. Lakini dawa wameichagua wao, kwa kijiti cha Vyuma."

Bwana Bucha aligeuza uso ukutani. Aliposema tena, sauti ilikuwa imepungua, imekuwa ya mtu mwingine. "Wakisikia wataahirisha. Nimejikaza mwezi mzima kufika kesho. Wakiahirisha nitatoka hapa na sitarudi. Najijua. Huu uvimbe nitakwenda nao nyumbani, utanizika."

Hapo Mama Vifungo akaona kwamba aibu ilikuwa ganda tu. Ndani ya ganda mlikuwa na woga, mkubwa, wa siku nyingi, uliokuwa ukitembea naye akiuza nyama na kutania wateja. Alitaka kumshika mkono, akakumbuka glavu, akamshika hivyohivyo.

"Nakukataza," akasema mumewe, bila kuuondoa mkono. "Ukienda kumwambia, mimi na wewe basi."

"Basi vipi?"

"Sitasema na wewe."

Mkewe alitoka. Kwenye sinki la mlangoni alivua glavu, akanawa, akanawa tena. Akisema, dawa itakuwa ya mumewe lakini mwenyewe anaweza kutoroka na uvimbe wake. Akinyamaza, kesho saa mbili watamfungua mtu tumbo ambalo hakuna ajuaye lina nini. Akafunga bomba kwa kiwiko, kama alivyoona wanafanya, akaenda kwenye meza ya wauguzi.

"Sista, nina neno. La faragha."

"Sema tu, mama."

Walikuwapo wanafunzi wawili wa uuguzi na yule msukuma kitanda. Hakuna aliyeondoka. Mama Vifungo alisema kwa sauti ya chini, ya mtu anayechagua kitambaa.

"Sijakusikia vizuri," muuguzi akasema. "Rudia."

Akarudia yote, maini na vidonge vya mfukoni vikiwamo. "Kile kijiti hakikuwa cha mume wangu. Kilikuwa cha mdogo wangu."

Msukuma kitanda alipata kazi ya haraka chini ya meza. Muuguzi aliuma mdomo wa chini, akauachia.

"Mama, kijiti kilikuwa chetu. Kilichokuwa juu yake ndicho cha mdogo wako."

"Ndiyo, sista."

"Huyo mdogo wako alilazwa wapi?"

"Hapahapa. Wiki tisa."

Muuguzi akaacha kutaka kucheka. Aliinuka, akapiga simu.

Daktari mpasuaji alikuja, mtu mwembamba mwenye miwani, na yeye hakuona cha kuchekesha hata kidogo. Alisimama miguuni pa kitanda cha Bwana Bucha.

"Mzee, kesho ningekukata nikiwa na dawa ya matako ya mtu mwingine. Ungeniharibikia, ningekaa mwaka mzima nauliza nilikosea wapi. Unanielewa?"

"Naelewa, daktari."

"Upasuaji ni Jumatatu. Sista atachukua kipimo mwenyewe, sasa hivi."

Mama Vifungo alisubiri nje. Jambo zima lilikwisha haraka kuliko kutunga uzi kwenye sindano. Aliporudi ndani mumewe alikuwa amelala ubavu, uso ukutani, na masikio yake yalikuwa yamebadilika rangi.

"Imekwisha, baba watoto," akasema.

Bwana Bucha hakusema naye. Akitaka maji alimwambia muuguzi, "Mwambie huyo mama, maji." Na huyo mama alikuwa amekaa hatua moja kutoka kwake.

Alhamisi alimkuta amevaa. Shati limefungwa hadi juu, viatu miguuni, mfuko wa vitu vyake mapajani. Amekaa ukingoni mwa kitanda kama abiria. Mama Vifungo aliweka chupa ya maji mezani, akakaa, akatoa shati la mteja akaanza kushona vifungo, maana mikono yake haikujua kukaa.

Saa moja ikapita. Mumewe hakuinuka. Mara aliutazama mlango, mara viatu.

Ndipo mkewe akaelewa. Kutoka chumba kile hadi nje palikuwa na njia moja, nayo ilipita katikati ya wodi ya vitanda kumi na viwili. Na wodi ilikuwa imeshasikia. Msukuma kitanda hakuwa mchoyo wa habari. Tangu asubuhi sauti zilikuwa zikija ukumbini: "Kilo mbili, akapewa moja," kisha kicheko cha watu wanaoshikilia mishono yao. Kwenda nyumbani na uvimbe Bwana Bucha aliweza. Kupita mbele ya mzee wa kitanda cha nne hakuweza.

Saa sita alivua viatu. Mkewe aliendelea kushona, akimshukuru Mungu kwa kila mtu aliyekuwa akicheka kule.

Majibu yalitoka Jumamosi. Muuguzi alikuja nayo, akakaa kabisa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Mzee ana wapangaji wake mwenyewe," akasema. "Sugu vilevile. Ila si wale wa kijana."

"Wana tofauti gani?" Mama Vifungo akauliza.

"Wa kijana walikuwa wanaiogopa ile sindano tuliyoiandaa. Hawa wa mzee wanaicheka. Kuna nyingine wanayoiogopa, ameshaandikiwa hiyo."

Bwana Bucha alitazama mikono yake, akaigeuza, akaitazama tena.

"Kwa hiyo ile ya Alhamisi," akasema polepole, "ingekuwa..."

"Ingekuwa maji, mzee."

"Nimewatoa wapi hao? Sijalala hospitali."

"Nani ajuaye. Huenda ni vile vidonge viwiliviwili ambavyo hutumii. Huenda wametoka kwa mtu mwingine, kwenye choo, kwenye nyama. Mdudu hatembei na barua ya utambulisho. Mtu anaweza kukaa nao miezi, wakaondoka wenyewe, au wasiondoke. Wewe nawa mikono, na vidonge achia wenye kazi yao."

Kwa hiyo chumba chenye choo, na kadi ya njano mlangoni, sasa vilikuwa vya Bwana Bucha kwa haki yake mwenyewe. Alimtazama mkewe mara moja, haraka. Mkewe alidhani atasema. Akamwambia muuguzi, "Mwambie huyo mama afungue dirisha."

Jumatatu walimkata. Mama Vifungo alikaa kwenye benchi kwa muda wa saa nne na nusu, Vyuma kando yake, mguu wa vyuma umenyooshwa mbele watu wakiuruka. Dukani, Vyuma alisema, wateja sita walikuwa wamerudi. Mmoja alinunua nyama, watano walinawa mikono tu wakaondoka.

"Dada, akifa mimi ndiye niliyemuua?"

"Nyamaza."

"Nauliza tu."

"Kama atakufa, mmemuua wawili, na yeye mmoja wao."

Daktari alitoka akivua kofia. Uvimbe ulikuwa wa ukubwa wa ngumi ya mtoto, akasema, na alichokiona chote amekitoa. Sasa wasubiri kidonda. Mama Vifungo alisema asante mara tatu, halafu akaenda nyuma ya nguzo akalia dakika moja, akajifuta, akarudi.

Wakasubiri. Asubuhi ya kwanza hakuna homa. Ya pili hakuna homa. Muuguzi alifunua bandeji, akaangalia, akanusa, akafunika, akaandika. Kila siku Mama Vifungo aliutazama uso wa muuguzi anaponusa, kabla hata ya kukitazama kidonda, na kila siku uso ule ulibaki wa kawaida.

Lakini chakula hakuruhusiwa. "Mpaka utumbo uamke," daktari akasema. "Ukitoa hewa tutajua umeamka." Na kila asubuhi, na kila jioni, muuguzi alisimama mlangoni na glavu zake akauliza kwa sauti yake ya chini, kama anayeuliza saa, "Mzee, umeshatoa hewa?"

"Bado," Bwana Bucha alijibu, akiangalia kwingine.

Siku ya tatu, mchana, walikuwa wawili tu chumbani. Mama Vifungo alikuwa anatia tundu la kifungo kwenye kola. Sauti ilianza chini ya shuka kidogokidogo, ikasita, ikajikaza, ikatoka ndefu kama mlango wa bati unaofunguliwa baada ya msimu wa mvua. Haikuwa na haraka. Iliisha, kisha ikaongeza kidogo.

Mama Vifungo hakuinua macho. Sindano iliingia, ikatoka.

Bwana Bucha alisubiri. Alisikiliza ukumbini, muuguzi hakuwako karibu. Njaa ya siku tano ilikuwa imekaa juu ya kifua chake.

"Mke wangu," akasema.

Lilikuwa neno la kwanza kumwambia kwa siku nane. Mkewe akatia fundo, akakata uzi kwa meno.

"Naam."

"Nenda kamwambie sista."

"Nimwambie nini?"

"Umesikia mwenyewe."

"Mimi nataka nielezwe na mwenye habari. Nisije nikapeleka ya mtu mwingine."

Bwana Bucha aliutazama mlango, na kadi ambayo kwa upande huu wa kioo cha mlango ilionekana nyeupe. Mwili wote wa mtu yule ulikuwa umelegea chini ya shuka, mwembamba kuliko alivyoingia, na tumboni bandeji kavu. Midomo yake ilijaribu maneno mawili matatu, ikayaacha.

"Mwambie nimejamba," akasema. "Na umwambie ni mimi mwenyewe."